Buffalo Bill: Mtu na Kisakale Chake

Mtahiniwa, katika mada ya wasifu unatakiwa uweze kufanya mambo mawili. Kwanza, ueleze maisha ya mtu kwa mfuatano unaoeleweka. Pili, utenganishe yale yaliyotendeka kweli na yale yaliyoongezwa na wasimulizi. Wengi hulimudu la kwanza, na la pili ndilo linalowapotezea alama. Kwa sababu hiyo tumekuchagulia maisha ya Mmarekani William Frederick Cody, anayejulikana duniani kwa jina la Buffalo Bill. Huyu aligeuzwa kuwa kisakale angali hai, na yeye mwenyewe alishiriki kukitunga kisakale hicho.

Soma wasifu huu mara mbili. Mara ya kwanza usome ili kujua habari. Mara ya pili uwe na kalamu mkononi, na kila unapokutana na jambo kubwa jiulize: hili linathibitishwa na kumbukumbu, au ni dai la mhusika mwenyewe?

Kuzaliwa na utoto

William Cody alizaliwa tarehe 26 Februari 1846 karibu na mji mdogo wa Le Claire, katika jimbo la Iowa. Baba yake aliitwa Isaac Cody na mama yake Mary Ann. Mwaka 1854 familia ilihamia Kansas, eneo lililokuwa limefunguliwa kwa walowezi wakati huohuo. Hapa ndipo unapotakiwa kukumbuka historia ya Marekani: mwaka huo sheria iliwaachia walowezi wa Kansas waamue wenyewe kama utumwa uruhusiwe huko au la. Waliotaka utumwa na wasioutaka walikimbilia Kansas kwa wingi, na punde wakaanza kumwaga damu.

Isaac Cody alikuwa miongoni mwa waliopinga utumwa kuenea Kansas. Mwaka huohuo wa 1854, alipokuwa akitoa maoni yake mbele ya watu, alichomwa kisu na mtu wa upande wa pili. Alinusurika, lakini afya yake haikurudi kama zamani, na mwaka 1857 akafariki dunia. William alikuwa na umri wa miaka 11. Kuanzia hapo utoto wake ulikwisha. Ilimlazimu kutafuta fedha za kumsaidia mama yake, naye akapata kazi ya kupeleka ujumbe akiwa juu ya farasi katika kampuni ya uchukuzi iliyosafirisha mizigo kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe.

Kazi za ujana

Kampuni hiyo ndiyo iliyoanzisha mwaka 1860 huduma maarufu ya barua iitwayo Pony Express. Vijana wepesi waliendesha farasi kwa kasi, wakibadilisha farasi kituo hadi kituo, kutoka St. Joseph katika jimbo la Missouri hadi Sacramento katika jimbo la California, umbali wa kilomita zipatazo 3,000. Huduma hii ilidumu kwa takriban miezi 18 tu. Nyaya za simu za maandishi zilipofika pwani ya magharibi mwaka 1861, haikuhitajika tena.

Cody alisimulia maisha yake yote kwamba akiwa na umri wa miaka 14 alikuwa mmoja wa vijana hao, na kwamba alifanya safari ndefu kuliko karibu wote. Wanahistoria wengi wanatilia shaka jambo hili. Sehemu alizodai kupita zilikuwa katika eneo ambalo leo ni Wyoming, mbali sana na kwao Kansas, ambako familia yake ilikuwa ikiishi. Kwamba aliifanyia kazi kampuni hiyo akiwa mtoto ni jambo linalokubalika. Kwamba alipeleka barua za Pony Express katika nyika za Wyoming ni dai lake. Shika tofauti hiyo, kwa sababu itajirudia.

Mama yake alifariki mwaka 1863. Mwaka 1864 Cody alijiunga na kikosi cha saba cha askari wapanda farasi wa Kansas, akapigana upande wa serikali ya Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi mwaka 1865. Tarehe 6 Machi 1866 alimuoa Louisa Frederici wa mji wa St. Louis. Walipata watoto wanne. Mtoto wao wa kiume pekee, Kit Carson Cody, alifariki mwaka 1876 akiwa na umri wa miaka mitano tu.

Asili ya jina

Mnamo mwaka 1867 reli ya Kansas Pacific ilikuwa ikijengwa kuelekea magharibi. Wajenzi walihitaji nyama, nayo ilikuwa imejaa nyikani. Nyati wa Marekani, mnyama mwenye nundu na manyoya mazito, tofauti na nyati unayemjua wa mbuga zetu, walikuwa wakitembea katika makundi makubwa mno. Cody aliajiriwa kuwawinda, na kwa maelezo yake alilipwa dola 500 kwa mwezi, mshahara mnono kwa wakati ule. Kwa hesabu yake mwenyewe aliua nyati 4,280 katika muda wa takriban mwaka mmoja na nusu. Jina la Buffalo Bill, yaani Bill wa nyati, lilitokana na kazi hii.

Usiipite habari hii haraka. Mwanzoni mwa karne ya 19 nyati hao walikuwa makumi ya mamilioni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 waliosalia porini walikuwa mamia tu. Walakota, Wacheyenne na mataifa mengine ya nyika hizo walikula nyama ya nyati, walishona mahema na nguo kwa ngozi yake na kuchonga zana kutokana na mifupa yake. Nyati alipotoweka, njaa iliwasukuma wenyeji katika maeneo waliyotengewa na serikali, ambako waliishi kwa kupimiwa chakula. Cody hakuwa mwindaji pekee, na wawindaji wa ngozi waliokuja baadaye waliua wengi zaidi. Hata hivyo, sifa iliyompa jina ilikuwa sehemu ya maafa ya watu wengine. Baadaye maishani alitetea sheria za kuzuia uwindaji wa kiholela, lakini wakati huo makundi yale yalikuwa yamekwisha.

Mpelelezi wa jeshi

Kuanzia mwaka 1868 Cody alilitumikia jeshi la Marekani kama mpelelezi na mwongoza njia, hasa katika kikosi cha tano cha wapanda farasi. Hapa sifa zake hazina shaka. Aliijua nyika, alipanda farasi kwa ustadi, alilenga vizuri na alivumilia safari ndefu. Maofisa waliofanya kazi naye walimthamini. Mwaka 1872 alitunukiwa Nishani ya Heshima, ambayo ni nishani ya juu kabisa ya ushujaa wa kijeshi nchini humo. Mwaka 1917 nishani hiyo ilifutwa, pamoja na za wengine wengi, kwa kuwa alikuwa raia aliyeajiriwa na jeshi na si askari. Ilirejeshwa mwaka 1989.

Kutoka nyikani hadi jukwaani

Mwaka 1869 Cody alikutana na mwandishi aliyetumia jina la Ned Buntline. Muda mfupi baadaye Buntline alichapisha gazetini hadithi ya mfululizo iliyomfanya Buffalo Bill kuwa shujaa asiyeshindwa. Mengi yaliyomo yalikuwa ya kubuni. Baada ya hapo waandishi wengine waliandika mamia ya vijitabu vya bei rahisi juu yake, na wasomaji wa mijini, ambao hawakuwahi kuiona nyika, waliamini walichosoma.

Linganisha hali hii na visakale unavyosoma katika fasihi simulizi, ambavyo vitabu vingine huviita mighani. Sifa za Fumo Liongo zilikua vinywani mwa wasimulizi, kizazi hadi kizazi, mhusika akiwa hayupo tena. Sifa za Buffalo Bill zilikua katika mitambo ya kuchapa, mhusika akiwa na umri wa miaka 23 na akiendelea na kazi yake.

Desemba 1872 Buntline alimpandisha Cody jukwaani mjini Chicago katika mchezo wa kuigiza uliohusu maisha ya nyikani. Wahakiki waliuponda mchezo, na Cody hakuwa mwigizaji hodari, lakini ukumbi ulijaa. Watu hawakwenda kuona uigizaji bali kumwona shujaa wa vitabuni kwa macho yao. Kwa miaka kadhaa Cody aliishi maisha mawili: majira ya baridi jukwaani, majira ya joto akiliongoza jeshi njia.

Tukio la mwaka 1876

Maisha hayo mawili yalikutana mwaka 1876. Tarehe 25 Juni Walakota, Wacheyenne na washirika wao walimshinda na kumuua Luteni Kanali George Custer pamoja na askari wote waliokuwa naye katika sehemu yake ya vita vya Little Bighorn. Taifa lilitaharuki. Wiki chache baadaye, tarehe 17 Julai, kikosi alichokuwamo Cody kilikutana na kundi dogo la Wacheyenne kwenye kijito cha Warbonnet, katika jimbo la Nebraska. Cody alimpiga risasi na kumuua shujaa wa Kicheyenne ambaye jina lake lilikuwa na maana ya Nywele za Njano, kisha akamkata ngozi ya kichwa pamoja na nywele zake. Siku hiyo alikuwa amevaa vazi lake la jukwaani la mahameli nyeusi.

Miezi michache tu baadaye tukio hilo lilikuwa mchezo wa kuigiza. Katika mchezo huo, mapambano mafupi yaligeuka kuwa pambano refu la watu wawili mbele ya majeshi mawili. Yule Mcheyenne, ambaye kwa watu wake alikuwa ndugu na mpiganaji, akabaki kuwa sehemu ya sifa za mtu mwingine, na hata jina lake likatafsiriwa vibaya kwa miaka mingi. Hapa unaona jinsi kisakale kinavyofanya kazi: humkuza mmoja kwa kumpunguza mwingine.

Onyesho la Wild West

Mwaka 1883, katika mji wa Omaha, Cody alizindua onyesho la uwanjani lililoitwa Wild West. Halikuwa sarakasi ya kawaida. Lilikuwa na makauboi, farasi, nyati, mashindano ya kulenga shabaha, gari la abiria linaloshambuliwa na kuokolewa, na vita vya kuigiza. Mwaka 1884 Nate Salsbury aliingia kuwa mshirika wake, na ndiye aliyesimamia fedha na mipango. Kumbuka jina hili, kwa sababu Cody alikuwa na kipaji cha kuvuta watu lakini hakuwa na mkono wa kutunza fedha.

Mwaka 1885 walijiunga watu wawili waliolipa onyesho sifa kubwa. Wa kwanza ni Annie Oakley, mwanamke mfupi kutoka Ohio aliyewashinda wanaume wengi kwa shabaha. Cody aliamini kuwa mwanamke anayefanya kazi sawa na mwanamume alipwe sawa naye, na aliunga mkono wanawake kupewa haki ya kupiga kura. Wa pili ni Sitting Bull, kiongozi mashuhuri wa Walakota, aliyetembea na onyesho kwa msimu mmoja kwa malipo ya dola 50 kwa wiki. Katika baadhi ya miji ya Marekani watazamaji walimzomea.

Mwaka 1887 onyesho lilivuka bahari hadi London likiwa na watu zaidi ya 200 na farasi wapatao 180, wakati Malkia Victoria akiadhimisha miaka 50 ya kutawala. Malkia mwenyewe alihudhuria. Mwaka 1889 lilikwenda Paris, na mwaka 1890 lilifika Rome. Mwaka 1893, waandaaji wa maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago walipomnyima Cody nafasi ndani, alikodi uwanja jirani na kuvuna umati mkubwa. Mwaka huohuo na mjini humohumo, mwanahistoria Frederick Jackson Turner alitoa hoja kwamba zama za mpaka wa nyika zilikuwa zimekwisha. Kilichokwisha katika maisha halisi kilikuwa kikiuzwa uwanjani kwa tiketi.

Wenyeji wa asili katika onyesho

Swali linalowagawanya wachambuzi ni hili: je, Cody aliwanyonya wenyeji wa asili wa Marekani au aliwasaidia? Jibu zuri huangalia pande zote mbili.

Upande mmoja, onyesho liliwaweka karibu kila mara katika nafasi ya washambuliaji, na wazungu katika nafasi ya wanaojitetea. Kwa kweli ni ardhi ya wenyeji iliyokuwa ikichukuliwa. Mamilioni ya watazamaji walirudi nyumbani na historia iliyopinduliwa, na filamu za baadaye zikaendeleza picha hiyohiyo.

Upande wa pili, wenyeji waliofanya kazi na Cody walilipwa mshahara. Waliweza kutoka katika maeneo waliyofungiwa, na waliendelea kupanda farasi na kucheza ngoma zao hadharani wakati maofisa wa serikali walipokuwa wakizizuia nyumbani. Black Elk, Mlakota aliyekwenda Uingereza na onyesho mwaka 1887 na kuachwa na meli wakati wa kurudi, alitangatanga Ulaya hadi alipomkuta Cody mjini Paris mwaka 1889. Cody alimgharimia safari ya kurudi kwao.

Mwishoni mwa mwaka 1890 mambo yalifika pabaya. Serikali iliogopa dini mpya iliyokuwa ikienea miongoni mwa Walakota. Jenerali Nelson Miles alimtuma Cody akamlete Sitting Bull kwa amani, lakini amri hiyo ilifutwa kabla hajamfikia. Tarehe 15 Desemba polisi waliokwenda kumkamata Sitting Bull walimuua. Tarehe 29 Desemba askari waliua Walakota zaidi ya 150 kwenye kijito cha Wounded Knee, wakiwemo wanawake na watoto. Mwaka 1891 baadhi ya Walakota waliokuwa wamefungwa waliachiwa kwa sharti la kwenda Ulaya na onyesho la Cody. Kwa wafungwa hao, uwanja wa maonyesho ulikuwa njia ya kutoka gerezani.

Miaka ya mwisho

Cody alipata fedha nyingi na kuzipoteza nyingi. Katika miaka ya 1890 alishiriki kuanzisha mji wa Cody katika jimbo la Wyoming, akatumia mali yake katika mifereji ya kumwagilia mashamba, na mwaka 1902 akafungua huko hoteli aliyoipa jina la binti yake, Irma. Fedha nyingine zilizama katika mgodi wa Arizona usiokuwa na faida. Mwaka huohuo wa 1902 Salsbury alifariki, na mwaka 1905 Cody alishindwa mahakamani katika kesi ya kutaka kumpa talaka mkewe. Baadaye walipatana.

Mwaka 1913 deni la dola 20,000 alilokopeshwa na mfanyabiashara wa Denver, Harry Tammen, lilisababisha mali ya onyesho kupigwa mnada. Mzee wa miaka 67 akalazimika kufanya kazi katika maonyesho ya watu wengine. Aliendelea kupanda farasi mbele ya watazamaji hadi Novemba 1916, ingawa mwili ulikuwa umechoka. Hakuweza kustaafu, kwa sababu watu walilipa kumwona Buffalo Bill, na William Cody hakuwa na njia nyingine ya kulipa madeni yake.

Alifariki mjini Denver tarehe 10 Januari 1917, akiwa na umri wa miaka 70. Alizikwa tarehe 3 Juni mwaka huo juu ya mlima Lookout, nje ya Denver. Watu wa mji wa Cody walilalamika kwamba alitaka azikwe kwao, na ubishi huo uliendelea kwa miaka mingi.

Mambo ya kuzingatia

Unapoandika wasifu wa mtu kama huyu, epuka makosa mawili. La kwanza ni kumeza kila sifa. La pili ni kumwita mwongo na kuishia hapo. Cody alikuwa mpelelezi hodari kweli, na pia alikuza habari zake. Alipigana na wenyeji wa asili, akawatia katika mchezo uliowapotosha, na bado wengi wao walimwamini kama mwajiri. Mtahini hatakupa alama kwa kuchagua upande mmoja bila ushahidi. Atakupa alama ukionyesha jambo, ukataja tarehe au tukio linalolithibitisha, kisha ukatoa hoja yako.

Maswali ya kujipima

1. Eleza jinsi kifo cha Isaac Cody kilivyobadilisha maisha ya mwanawe.
2. Taja dai moja la Cody linalotiliwa shaka na wanahistoria, na utoe sababu ya shaka hiyo.
3. Fafanua uhusiano kati ya kuangamizwa kwa nyati na maisha ya Walakota na Wacheyenne.
4. Onyesha tofauti mbili kati ya kisakale kinachokuzwa na wasimulizi na kile kilichokuzwa na vitabu vya bei rahisi.
5. Je, onyesho la Wild West liliwanufaisha au liliwadhuru wenyeji wa asili wa Marekani? Toa hoja mbili kwa kila upande, kisha msimamo wako.
6. Fupisha sehemu inayohusu miaka ya mwisho ya Cody kwa maneno yasiyozidi 60.

Dokezo: katika swali la 5 usisahau kutaja Black Elk na wafungwa wa mwaka 1891. Katika swali la 6 acha majina yasiyo ya lazima, lakini usiache deni, mnada na sababu ya kuendelea kufanya kazi uzeeni.